Barua ya wazi kwa wakubwa wa soko letu hapa Moshi: mwandikeni Mama Mchare

Kwa: Msimamizi wa Soko,
pamoja na wakubwa wake wote ambao barua zikifika mezani kwao hulala.

YAH: JINA LA MAREHEMU MAMA YETU KATIKA DAFTARI LA VIZIMBA

Ndugu Msimamizi,

Salaam. Kwa umri wewe ni mdogo wangu, lakini kiti ulichokalia ni kikubwa, kwa hiyo natanguliza heshima.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliileta kwa mkono Machi 2024, ikagongwa muhuri wa mapokezi, nakala ninayo. Ya pili niliileta Juni, nikaambiwa jalada liko kwa ofisa aliye likizo. Ya tatu, ya Novemba, ilijibiwa kwa mdomo, tena si kwangu bali kwa mdogo wangu wa kike aliyekuwa amesimama getini na beseni la ndizi: mwambie huyo mwalimu wenu wa Arusha aache kutuandikia insha. Basi hii ni insha ya nne, na safari hii nimeiacha wazi.

Sitaji soko, ofisi wala mtu. Mwenye barua anajijua. Jina kamili la mama mnalo katika barua zote tatu. Hapa nitamwita kama soko lilivyomwita, Mama Mchare. Na kabla ya madai nieleze tunamzungumzia nani, maana kwenye daftari lenu hayumo.

Mama alizaliwa Uru, mlimani juu ya Moshi, mwaka 1953 na akaolewa huko huko, kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba) cha tatu kutoka kwao. Kwa msomaji asiye wa mlimani: kwetu kahawa ilikuwa ya mwanamume na migomba ya mwanamke, katika shamba lile lile moja, mbuni ukikua chini ya kivuli cha mgomba. Kahawa ilikwenda chama cha msingi, ikaenda KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilichoanza 1933, na hela ikarudi kwa jina la baba mwenye nyumba. Ndizi zilishuka mjini kichwani mwa mama, na hela yake haikurudi kwa jina la mtu. Iligeuka chumvi, mafuta ya taa na madaftari. Nadhani shida yetu ilianzia hapo, miaka mingi kabla wewe hujazaliwa.

Baba alirudi kutoka vita vya Kagera mwaka 1979 na goti lisilokunjika. Mwaka huo huo mama akaanza kushuka. Alitoka saa tisa usiku, ngata ya majani makavu ya mgomba kichwani na mkungu juu yake, akipitia Rau na wenzake watano sita, wakipiga soga kwa sauti kubwa ili walevi wa njiani wajue kwamba hawa ni wengi. Kulipopambazuka alikuwa ameshapanga chana zake chini. Sifa yake ilikuwa mchare, ndizi ya kupikia mtori na machalari, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alikwaruza ganda kwa ukucha. Utomvu ukitoka mwingi, anakwambia huu umekatwa jana jioni. Ukiwa haba, anakwambia bila kuulizwa: huu una siku tatu, nenda kaupike leo leo. Mteja akimtukana kwa ajili ya bei, alimjibu "aika", yaani asante kwa Kichaga, na kugeukia mwingine.

Hakuwa malaika. Aliwahi kumchapa mbeba mizigo kwa kikonyo cha mkungu, na ndizi mbivu zilizopondeka alizilaza upande mbaya chini kama muuzaji mwingine yeyote. Nayasema haya ili msidhani nawaandikia wasifu wa kanisani.

Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, ile kampeni ya serikali ya kutaka kila mtu awe na kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji. Mama alikamatwa na mikungu yake miwili kando ya barabara, akalala ndani usiku mmoja na mtoto wa kunyonya, ambaye ndiye huyo mdogo wangu wa getini. Walipomwachia wakamwambia akitaka asisumbuliwe apate meza sokoni. Mwaka 1984 akaenda kuomba meza. Karani akamtazama, akamwambia akalete mume. Baba akashuka na fimbo yake, akatia sahihi, akapanda kurudi Uru. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho baba kuingia soko lile kwa jambo la biashara. Mara nyingine moja alikuja kununua kamba ya mbuzi.

Yaani meza ile mama aliipata ili kuthibitisha kwamba anafanya kazi. Leo daftari la meza ile ile ndilo linalothibitisha kwamba hakuwa na kazi.

Ubao wa juu wa meza ulikuwa wa mringaringa, mti ulioanguka kihambani kwetu. Mama aliishia darasa la nne na hakupenda kalamu, kwa hiyo madeni aliyaandika kwa kisu ukingoni mwa ubao. Kila mdaiwa alikuwa na sehemu yake. Mkato mmoja, mkungu mmoja. Akilipwa, anaukata tena kwa upande ukawa msalaba. Nikiwa mdogo nilidhani ni mapambo. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mwaka 1989, ule mkataba wa kimataifa wa kugawana soko ulipovunjika, nilikuwa kidato cha pili. Huko juu wako waliong'oa mibuni kwa hasira, wako walioiacha ikawa vichaka. Kwetu ada ilitoka kwenye ubao ule.

Sasa hoja zangu.

1. Daftari. Mnasema kizimba, yaani nafasi ya meza ile, ni cha baba, baba alifariki 2003, kwa hiyo mama hakuwahi kuwa mfanyabiashara wa soko hilo na hakuna wa kurejeshwa katika soko lililojengwa upya baada ya lile la zamani kubomolewa. Naomba mnisaidie hesabu hii: kuanzia 2003 hadi 2022 ni miaka 19, na ushuru wa kizimba kile mlikuwa mkiuchukua kila siku. Kwa nani? Kwa marehemu anayeshuka kutoka Uru alfajiri? Risiti zilikuwa kwenye makopo ya Kimbo chini ya kitanda cha mama. Mimi na mdogo wangu tulizimwaga kwenye mkeka tukazihesabu siku mbili: 4,386. Za kabla ya 1991 zililiwa na panya. Kuna za shilingi 50, za 100, za 200, hadi za 500. Mkatujibu risiti hazina jina. Ni kweli, hazina, kwa sababu aliyezikata hakuuliza jina. Mwaka 2019 mama alilipa shilingi 20,000 akapata kile kitambulisho cha mjasiriamali, akafurahi kama mtoto, akakifunga kwenye pindo la kanga. Tulipokifungua baada ya msiba, hakikuwa na jina lake wala picha. Karibu miaka arobaini alitoa hela kwa jina la mtu mwingine, na karatasi ya kwake mwenyewe ilipokuja, ikaja tupu.

Mimi nafundisha uwekaji hesabu, kidato cha tatu na cha nne. Najua daftari linaweza kuwa na mistari iliyonyooka, wino mmoja, bila kufutwafutwa, na bado likawa la uongo.

2. Ahadi. Agosti 2022, kabla ya kubomoa, mlibandika tangazo getini kwamba waliokuwepo watarejeshwa soko likikamilika. Mjukuu alilipiga picha, mama akasomewa mara mbili, akaridhika. Alifariki Machi 2023. Soko likafunguliwa Februari 2024, na mahali pake pana kijana anayeuza makava ya simu katikati ya safu ya ndizi. Sina ugomvi naye, naye ni mtoto wa mtu na nadhani hata yeye anashangaa. Ila mdogo wangu aliyeuza na mama kwenye meza ile tangu 2004, anayejulikana na kila mwanamke wa safu ile, ameambiwa aombe upya kama mgeni, na kwa kiingilio ambacho sitataja kiasi chake kwa sababu hakina risiti. Unajua ninachosema.

3. Ubao. Asubuhi ya kubomoa wauzaji walipewa saa chache watoe vitu vyao. Mama alikuwa kliniki ya presha. Alipofika, greda lilikuwa limeshapita. Aliniambia kwenye simu kwamba anatafuta ubao wake, nami, Mungu anisamehe, nikamwambia aachane na mbao kuukuu, nitamnunulia meza mpya. Alinyamaza muda, akaniuliza hali ya hewa ya Arusha. Sasa nimeambiwa na mtu wa humo ndani kwamba kuna ubao mrefu wa mringaringa stoo kwenu, umewekwa juu ya matofali na kubebeshwa mafaili. Kama ni kweli, pitisheni kidole ukingoni. Mtaukuta mwandiko wake.

4. Ushahidi. Katika jibu la mdomo mlisema familia haina shahidi kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara. Hapa ndipo niliposhindwa kulala, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirefusha.

Tulimzika kihambani, karibu na baba, masika yameanza, udongo mzito unang'ang'ania majembe. Kaburi lilipokwisha kufunikwa, mzee wa ukoo akauliza kama ilivyo desturi: kuna anayemdai marehemu? Kimya. Kuna anayedaiwa na marehemu? Hapa kwa kawaida kimya huzidi, watu wanatazama viatu vyao. Siku ile akasimama mama mmoja muuza dagaa, akasema anadaiwa mikungu miwili ya Krismasi, akaanza kufungua fundo la kanga. Akasimama wa pili. Akasimama mama ntilie aliyekuwa akichukua ndizi za mtori kwa mali kauli. Walifika kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na deni la tangu 2011, akataka kulipa kwa bei ya sasa. Wenzake wakamkatalia kwamba huko ni kumtia marehemu dhambi ya riba. Likazuka bishano pale pale kaburini juu ya mkungu wa mchare ulikuwa shilingi ngapi mwaka 2011, hadi mzee wa ukoo akawanyamazisha kwa fimbo. Mdogo wangu alicheka akiwa analia. Mimi niliona aibu mbele ya wachungaji, kisha aibu ikaisha.

Angalieni tarehe. Meza yenye madeni ilikuwa imebomolewa miezi saba kabla. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuwashika. Wanawake wale kumi na mmoja walilipa deni ambalo lingeweza kwenda na greda. Mkiwahitaji kama mashahidi, hamhitaji kutuma wito mbali. Wako kwenu, safu ya pili na ya tatu, kila siku isipokuwa Jumapili.

5. Hili si la mama peke yake. Orodha ya waliorejeshwa mliyoibandika nimeisoma nikiwa nimesimama pale ukutani. Safu ya ndizi ya zamani ilikuwa na meza 14, na wauzaji wote 14 walikuwa wanawake. Kwenye orodha yenu, meza tisa kati ya hizo zina majina ya wanaume. Safu hiyo haijawahi kuwa na mwanamume muuzaji, labda mnunuzi wa kamba ya mbuzi. Wajane wangapi wako njiani kuambiwa walichoambiwa wanawe Mama Mchare?

Najua mtakachojibu, nimeshakisikia vipande vipande koridoni.

Mtasema kizimba ni mali ya umma, hakirithiwi. Sawa kabisa. Hatujaomba kurithi saruji yenu. Tumeomba mtekeleze tangazo lenu wenyewe: aliyekuwa akiuza arudi, na mdogo wangu alikuwa akiuza.

Mtasema marehemu hana haki ya kizimba. Mbona marehemu wa kiume mmemtunza daftarini kwa miaka zaidi ya ishirini na hajawachosha?

Mtasema zamani ndivyo ilivyoandikwa, sheria ya wakati ule ilitaka mume. Hapana. Huo ulikuwa mtindo wa karani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, ilishampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Hiyo ni miaka 13 kabla ya mama kuambiwa akalete mume. Na mwaka 1983, mwaka ule ule wa Nguvu Kazi, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi. Hawa mwenyewe hakuambulia alichoomba, lakini neno hilo lilibaki. Kupika na kufua kumehesabiwa na mahakama kubwa kuliko zote nchini. Kuuza ndizi miaka 38 kwenye meza moja, mbele ya macho ya makarani wenu, kunashindwaje kuhesabika?

Na mtasema, kama alivyosema mmoja wenu kwa upole, naye namshukuru kwa upole huo: mwalimu, mama ameshapumzika, jina kwenye daftari litamsaidia nini? Sitajibu kwa niaba yake. Linatusaidia sisi. Mdogo wangu hawezi kuwa "mtoto wa muuzaji aliyekuwepo" kama muuzaji huyo hakuwepo.

Tunachoomba ni hiki, na tunaomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 30:

(a) Daftari la vizimba lisahihishwe, jina la mama liandikwe kama muuzaji wa kizimba kile kuanzia 1984 hadi 2022. Jina la baba msilifute, yeye alitia sahihi kweli. Liongezeni la aliyeuza.

(b) Mdogo wangu arejeshwe kwenye safu ya ndizi, si lazima mahali pale pale, bila kiingilio kisicho na risiti. Kijana wa makava asifukuzwe kwa ajili yetu. Mkitazama vizuri mtaona vizimba vilivyofungwa tangu siku ya ufunguzi.

(c) Wanawake wenye meza zilizoandikwa kwa waume waitwe, waulizwe majina yao, waandikwe. Ni kazi ya siku moja na kalamu moja.

(d) Ubao.

Hatuombi barabara ipewe jina la mama. Moshi imemzaa Lucy Lameck, mtoto wa Njoro, mwanamke wa kwanza kuingia katika safu ya mawaziri wa nchi hii. Wa kupewa barabara wapo. Tunaomba mstari mmoja.

Mjomba wangu, mtu wa amani, alishauri nisiandike hadharani. Akasema tutume sale ofisini. (Sale ni lile jani letu la kuombea msamaha, ukiletewa, huruhusiwi kushikilia kinyongo.) Nikamuuliza, mjomba, sale hutumwa na aliyekosa, hapa aliyekosa ni nani? Akafikiri, akaniambia basi andika, ila andika kwa adabu. Nimejitahidi.

Anwani yangu iko kwenye barua tatu mlizo nazo. Mkiona Arusha ni mbali, mdogo wangu yuko nje ya geti lenu kila asubuhi, upande wa mtaro, anauza mchare chini juu ya gunia, pale pale alipoanzia mama. Kijana wenu wa mashine ya ushuru hupita saa mbili. Humkuta, humwamkia, humkatia risiti ya 500. Risiti hizo anazitia kwenye kopo jipya.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa kwanza wa Mama Mchare,
Mwalimu, Arusha.

Nakala: Akina mama wa safu ya ndizi.